Picha ya Peking

Gervas hakuwa na miguu. Hilo ndilo Okech alilolicheka kwanza kwenye ile picha: mwanamume mzima, suti na tai, amesimama mbele ya mlango wa jumba jekundu lenye majoka ya dhahabu, na kuanzia magotini kwenda chini hayupo. Nyuma ya picha ameandika kwa wino: "Bustani ya makaizari, Peking, 1984."

Picha hiyo ilitundikwa sebuleni kwa Kasiani, kule Fittja, Sweden, kama picha ya mtakatifu. Mwaka uliopita Kasiani aliapa kwamba hatamwoza mdogo wake, Winifrida, kwa mtu anayesafisha ndege Märsta. Gervas, msafishaji mwenyewe, akaaga kwamba anakwenda China kusomea reli, kama vijana wa nyumbani walivyofanya zamani. Kisha picha ikafika, kwa mkono wa msafiri fulani, na msafisha ndege akawa shemeji. Winifrida naye akapata jibu moja kwa kila mwanamume aliyebisha hodi: anamngoja Gervas.

Okech alikuwa amebisha mara tatu.

Lakini mwezi Mei wafanyakazi wenzake walimchukua matembezi Drottningholm, penye kasri la mfalme wa Sweden. Mwisho wa bustani akakutana uso kwa uso na jumba jekundu. Lina majoka. Lina mlango. Okech aliuzunguka ukuta mara mbili akitafuta Wachina, hakumwona hata mmoja. Wiki ile alilala usingizi wa mtoto.

Alimwendea Winifrida, akamwambia tu kwamba Gervas ni mwongo na anaweza kuthibitisha. Winifrida alikuwa anapiga pasi.

"Siku ukinithibitishia kwamba Gervas amenidanganya mimi," alisema bila kuinua kichwa, "nitaolewa na wewe, kaka Okech."

Hilo neno "kaka" Okech aliamua kulisamehe.

Jumapili wakapanda basi Brommaplan. Okech alivaa viatu vipya, vya kahawia, vinavyong'aa kama sahani, akaazima kamera ya aina ile inayotema picha papo hapo. Njiani alimtania Winifrida kuhusu kwaya yake ya Märsta, inayofanya mazoezi kila Jumamosi na ambayo hakuna kanisa lililowahi kuisikia. Winifrida akasema wimbo wenyewe ni mgumu.

Okech alikuwa amepanga kumwongoza. Winifrida alitangulia. Penye njia panda akakata kona bila kuuliza, na Okech, nyuma yake, akaona hiyo ni haraka ya mtu anayetaka uchungu upite upesi. Akamhurumia, kiasi.

Jumba likatokea kati ya miti.

"Karibu Peking," alisema Okech. "Mfalme wa hapa alimjengea mkewe, zawadi ya siku ya kuzaliwa. Tena bila kufika China, kama Gervas wako. Ila mfalme hakuandika uongo nyuma ya picha."

Winifrida hakulia. Alilitazama lile jumba kama mtu anavyotazama kituo chake cha basi. Mshtuko, aliwaza Okech. Na mshtuko hupita.

Akampa kamera, akaenda kusimama mbele ya mlango uleule.

"Nipige hapahapa aliposimama yeye. Nataka Kasiani atundike zote mbili. Na viatu vionekane."

Kamera ikanguruma, ikatema karatasi nyeupe. Okech akaishika kwa ncha za vidole, na wakati wakingoja picha ijitokeze akatoa hotuba aliyoiandaa tangu Mei: ukweli ndio msingi wa ndoa, vyumba vyake vya Hjulsta vina jua asubuhi, na padre ameshaulizwa kuhusu Agosti.

Majoka yalitokea kwanza. Ukafuata mlango, kisha tai, kisha tabasamu lake, ambalo kwa kweli lilikuwa la mshindi. Okech akangoja viatu. Akaipepea karatasi, akangoja tena. Picha iliishia magotini.

Winifrida akachungulia juu ya bega lake, akaguna.

"Pole, kaka Okech," alisema. "Gervas naye alininunia siku nzima kwa ajili ya miguu."