Mwonjaji

"Sikunywa, nesi. Nilionja tu," alisema Eliwaza, akigusa bandeji kwenye paji la uso.

Kwao, msichana anayegawa pombe ya harusi huonja kila kata ya pombe kabla ya kumpa mgeni, ili mgeni ajue haina sumu. Jana aligawa hadi akaanguka ngazini, akaletwa chumba cha dharura hajitambui. Ana miaka kumi na sita.

Nesi Veneranda hakumgombeza. Alileta jagi la maji, kikombe na beseni.

"Haya mwanangu, kiasi ulichoonja kwa kila mgeni, mimina humu kwenye beseni. Anza na mjomba."

"Mjomba kidogo." Akamimina.

"Babu?"

"Babu anasema kuonja kidogo ni kumdharau." Akacheka, akamimina zaidi.

Wakatajwa mashangazi, majirani, wapiga ngoma. Jagi likaisha. Eliwaza hakuwa anacheka tena.

"Yote haya ni mimi?"

"Mungu amekusitiri. Ungetapika umelala chali, sasa hivi ningekuwa naongea na mama yako peke yake."

"Jumamosi anaolewa dada yangu, na mgawaji ni mimi. Nisipoonja watasema nimetia sumu."

"Basi utafanyaje?"

 Eliwaza akachota maji ya beseni kwa kikombe, akakipeleka mdomoni huku midomo ameibana, akamkabidhi nesi kwa mikono miwili.

Nesi Veneranda akachungulia ndani. Maji yalikuwa bado yanacheza ukingoni.