Bahasha ya Sengondo

Sengondo alifika kwa Mzee Ligola na bahasha mkononi, akakuta turubai limefungwa uani na watu wamekaa kimya chini yake. Miezi minne alikuwa amekunywa chai bila sukari ili aipate hiyo elfu thelathini iliyokuwamo, apunguze deni la elfu themanini alizokopeshwa na mzee bila karatasi wala shahidi. Sasa mzee alikuwa amelala ndani, kwenye jeneza.

Mwandishi wa rambirambi aliiona bahasha, akaipokea, akahesabu. Kisha akasimama na daftari lake, maana pale kila mtoaji husomwa jina na kiasi kwa sauti.

“Sengondo, elfu thelathini!”

Minong'ono ikapita uani. Hakuna aliyekuwa ametoa zaidi ya elfu kumi. Sengondo akafumbua kinywa aseme kwamba ile ni hela ya marehemu mwenyewe, akaona nyuso zote zimemgeukia kwa heshima, akakifumba.

Yusta, binti wa marehemu, alimwongoza hadi kiti cha mbele walipoketi wazee, akamletea beseni na jagi la maji anawe kabla ya wengine.

“Baba alikuwa akikusifia, baba mdogo,” alisema, macho yamemvimba. “Ila hakutuambia una moyo hivi.”

Akaanza kummiminia. Sengondo akanawa, akasugua vidole kimoja kimoja, akarudia viganja. Wazee walimngoja. Maji yakakaribia kwisha kwenye jagi, na yeye bado alikuwa ameikinga mikono.