Tusekile Ajichagua

Zama hizo kila kijana aliyepona saratani aliwekewa kifaa chini ya ngozi ya mkono. Kilipima damu yake, kikampelekea mzazi habari kila asubuhi. Tusekile wa Tukuyu alikua hivyo, mama yake akiijua homa yake kabla yeye mwenyewe hajaisikia mwilini.

Alipotimiza miaka ishirini, sheria ilimruhusu kuchagua nani apokee habari zile. Alijichagua mwenyewe.

"Sasa mimi nitajuaje, mwanangu?" mama aliuliza huku akimenya ndizi.

"Utaniuliza, mama, nami nitakujibu. Ugonjwa niliushinda, hata hofu yake nitaimudu."

Mama alicheka, akakiri kwamba kweli binti amekua.

Kesho yake Tusekile aliamka mwenye nguvu, akafungua simu. Chembe nyeupe za damu zilikuwa zimeshuka kidogo. Alitakiwa kupimwa tena. Hakutetereka. Palepale akaomba nafasi kliniki.

"Umeamkaje?" mama aliita kutoka jikoni.

"Salama kabisa, mama!"

Jibu lilimtoka kwa wepesi uliomshtua. Ndipo alipojiuliza ni mara ngapi, miaka yote ile, mama naye alimwambia, "Uko salama, mwanangu."