Uthibitisho wa Marehemu

"Shemeji, nakuomba, daftari lisifunguliwe," profesa alimnong'oneza mjane mlangoni pa chumba cha kamati ya maadili ya chuo. "Nitaomba radhi mbele ya watu, nitajiuzulu, lolote utakalo."

"Mwizi akibanwa huwa mpole," mjane akamjibu, akampita.

Profesa huyu na marehemu mume wa mjane walikuwa chanda na pete. Lakini udongo wa kaburi haujakauka, profesa akachapisha kwa jina lake mwenyewe kazi ambayo mume alimweleza mkewe mezani, kwa maneno ya mtu wa darasa la saba: ipo mantiki ya "lazima" na "huenda," inayopima hali zote ambazo mambo yanaweza kuwa. Mume aliiongezea majina, kila jina likishika hali moja tu, akathibitisha kwamba sifa njema za mantiki ile hazipotei. "Nyumba nimeiongezea chumba, mke wangu, na paa halivuji!"

Mjane aliweka daftari la mumewe mezani. Lilikuwa bado limefungwa uzi, kama alivyolikuta sandukuni. Kwake cha marehemu ni amana, hakichokonolewi. Siku tatu alikuwa amefunga na kuomba jina la mumewe lirudi mahali pake.

Mwenyekiti wa kamati alikata uzi, akalinganisha daftari na makala ya profesa, mstari kwa mstari.

"Hatua ni zilezile," alisema hatimaye. "Na daftari limetangulia kwa miaka miwili. Profesa alichobadilisha ni majina ya hali tu. Ameyafuta, akaweka herufi."

"Ili mkono wa mume wangu usijulikane," mjane alisema. "Mungu si Athumani."

"Profesa, unasemaje?"

"Nimeiba. Andikeni hivyo, mlifunge hilo daftari, twende zetu."

"Basi mama, haki yako umeipata. Kazi itachapishwa upya kwa jina la marehemu, neno kwa neno kama alivyoiandika." Mwenyekiti alitabasamu, kidole kikiwa juu ya ukurasa wa kwanza. "Na alikuwa mtu wa familia kwelikweli! Sikilizeni: 'Hali hizi tatu nazipa majina ya utani ya wanangu: Kibibi, Chiriku na Mdogo-mtu.' Hongera, mama. Umekuja nao?"

Mjane, ambaye katika miaka ishirini na mbili ya ndoa hakujaliwa hata mimba ya kuharibika, alimgeukia profesa. Shemeji yake alikuwa ameshaanza kulia.