Stika Zisizobanduliwa

Umeme ulikatika Zuhura akiwa anamsomea mkuu wa ofisi ripoti yake. Kwa wiki tatu alikuwa amezunguka ofisi zote za mji kuhesabu kompyuta zinazotumia Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea mashine. Kila alipofika aliinama, akasoma stika ya dukani iliyotaja mfumo wa mashine, akatia alama. Katika kila mia alipata mbili tu.

"Mbili!" mkuu akacheka. "Na tunamlipa fundi mzima wa Linux! Shomvi aende zake."

Shomvi alikuwa amesimama pale pale mlangoni. Umeme uliporudi aliingia akaziwasha mashine moja moja, kama afanyavyo kila asubuhi kabla wenyewe hawajafika.

Zuhura hakuwahi kuiona kompyuta yake ikianza kuwaka. Kwenye kioo cheusi akatokea pengwini, alama ya Linux. Akageukia ya mkuu: pengwini. Akachungulia masjala, na huko pengwini safu nzima.

"Ya Rabi! Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi, dada. Ule mfumo wa zamani ulikuwa unakwama mno."

"Na stika je?"

"Nani abandue stika? Mashine si itaonekana ya mtumba!"

Ripoti yenyewe Zuhura aliiandika kwenye mashine hii hii.

Mkuu, macho kwenye karatasi, alikwisha kuuinua muhuri wa kuipitisha ripoti. Ulipoanza kushuka, Zuhura aliufunika ukurasa kwa kiganja chake.