Mbweha Aliyeuzika Ukoo Wake

Weka mkono kifuani, mwanangu, uape kwamba hili halitoki hapa. Umeapa? Vizuri, maana mimi nimeshawaambia majirani watatu.

Fisi alikusanya waasi msituni. Kila aliyejiunga alipakwa majivu mwili mzima, akaapa kuusahau ukoo wake. Atakayelia mlio wa kwao atararuliwa. Shujaa wao alikuwa Nyegere, na kila siku akisifiwa yeye tu. Watu husema hakuna mwenye wivu kama nyegere, hawajamjua Mbweha! Akaenda kumchongea.

"Mkuu, Nyegere hulia mlio wa kwao kila alfajiri. Nimemsikia kwa masikio yangu."

Wote wakaitwa. Nyegere akasimamishwa katikati, meno yote yakimwelekea.

"Ndugu Mbweha, nimekukosea nini?"

"Ndugu yako nani, msaliti wee? Mimi ukoo nimeuzika. Hata mama yangu akiniita, siitiki!"

Hajamaliza, ng'ambo ya kilima mbweha wakaanza kulia. Masikio yake yakasimama. Shingo ikanyooka yenyewe, macho yakafumba, na mdomo, hee, ukaitikia mlio mrefu wa kwao.

Alipofumbua macho, Nyegere ameshasogea pembeni. Katikati kabaki yeye, mdomo bado wazi.