Wanaokubali Wabaki Wamekaa

"Wanaokubali tuwauzie watu wa padeli, huo mchezo wao wa raketi, uwanja wetu wa mpira, wabaki wamekaa," alisema mwenyekiti wa klabu ya mtaa, pale Rosario, Argentina. "Wanaopinga, simameni."

Eufemia akashika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Goti lake, lilelile aliloumia akidaka penalti kwenye uwanja huohuo, likagoma.

"Waliokaa thelathini na mmoja, waliosimama thelathini. Umeuzwa!"

"Nasimama, we kipofu! Mimi napinga! Ni goti tu hili!"

"Pole, Bi Eufemia. Nimeshahesabu."

Watu wakacheka. Akajikaza, akatukana, kiti kikalia chini yake, mpaka akasimama wima. Akageuka kuwatafuta wenzake thelathini.

Wote walikuwa wameshakaa.